Maboya Sita Yaliyofuata Upepo

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu aliishi kwa kuishonea bahari soksi. Majirani walipomsikia akisema hivyo mara ya kwanza walicheka hadi machozi, wakamwuliza kama bahari imelalamika baridi. Hakukasirika. Jina la Mama Soksi likamganda, na ikafika mahali hata barua za ofisini zilimfikia kwa jina hilo.

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Kituo cha kupima bahari kilikuwa kikitupa majini maboya madogo ya mviringo, kila moja likiwa na kifaa cha kuwasiliana na setilaiti, ili watu wa ofisini waone kwenye kompyuta maji yanaelekea wapi. Lakini boya likiachwa peke yake halifuati maji. Linapigwa na upepo na kurushwa na mawimbi kama kopo tupu. Kwa hiyo chini yake hufungwa kamba ndefu, na kwenye ncha ya kamba, mita kumi na tano ndani ya maji, huning'inia mfuko wa kitambaa wenye urefu wa watu watatu, wenye matundu ubavuni na pete ngumu juu na chini ili usijikunje. Mfuko huo ndio soksi. Maji ya huko chini huushika, nao hulivuta boya yanakokwenda. Boya lenye soksi husema habari za maji. Lisilo na soksi husema habari za upepo.

Kabla ya hapo alishona maturubai ya malori katika karakana ya mjini. Turubai la lori la kituo lilipoletwa kuzibwa, mkuu wa kituo alivuta ule mshono kwa mikono miwili, akavuta tena, kisha akauliza nani kashona. Wiki iliyofuata Mama Soksi alipewa chumba mwisho wa korido, cherehani nzito ya miguu, na meza ndefu ambayo yeye mwenyewe aliipigilia misumari kila nusu mita ili asihangaike na kupima.

Alijiwekea sheria mbili ambazo hakuna aliyemwamuru. Ya kwanza, pale kitambaa kinapokutana na pete ya juu, penye uzito wote, alishona mistari miwili kwa uzi wa nailoni. Ya pili, soksi iliyokamilika aliitundika kwenye ndoano ya dari, iliyokuwa juu kama ya ghala, na kuifunga ndoo ya mchanga chini, ikaning'inia hadi kesho yake. Mshono ukilegea hata kwa upana wa ukucha, alifumua na kuanza upya. Wahudumu walimtania kwamba ananyonga watu humo ndani.

Mtu aliyemfundisha soksi zake zinafanya nini hasa alikuwa Mtaalamu, binti aliyerudi kutoka masomoni miaka minne iliyopita, mwembamba, mwepesi wa kucheka, asiyejua kula bila kusoma. Siku moja, saa ya chakula, aliingia chumba cha kushonea akakuta rundo la vipande vya kitambaa, akaweka kiganja juu yake.

"Mkono wangu huu ni upepo, mama. Tazama."

Akasukuma. Kipande cha juu kilikwenda, kikakiburuta cha pili, cha pili kikakiburuta cha tatu, kila kimoja kwa kiasi kidogo kuliko cha juu yake.

"Sasa, kwa kuwa dunia inazunguka, kila tabaka linapinda zaidi kidogo kuliko lililo juu yake." Akavipinda upande wa kushoto kwa vidole, kimoja baada ya kingine, hadi rundo likafanana na ngazi ya kuzunguka. "Upepo unakwenda kule mbele. Lakini ukiyajumlisha maji yote haya ya juu, yanakwenda huku, ubavuni. Kwetu sisi ni kushoto. Nusu ya pili ya dunia ni kulia."

"Yaani upepo unasukuma mbele, maji yanakwenda pembeni?"

"Hivyo hivyo."

"Kama mume wangu nikimtuma dukani."

Mtaalamu alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo alimwita mama kwa moyo, si kwa adabu tu, na Mama Soksi, ambaye wanawe walikuwa wameolewa na kuoa mbali, alianza kubeba chakula cha watu wawili.

Kisha likaja suala la tope la bandari. Bandari ilikuwa imejaa tope, meli kubwa hazikuweza tena kuingia, na baraza la mji liliamua lichimbwe na kwenda kumwagwa baharini, kilomita arobaini kutoka pwani. Tope zito huzama. Lile jepesi, lenye mafuta na uchafu wa miaka, huelea katika mita za juu kwa siku nyingi na kwenda na maji. Baraza likakiuliza kituo: tukilimwaga pale, litakwenda wapi? Mtaalamu alikabidhiwa kazi hiyo. Aliomba maboya kumi.

Mama Soksi alikuwa amemaliza soksi nne pale uzi wa nailoni ulipoisha na kibweta kikawa kitupu. Alikwenda stoo. Mtunza stoo alimwambia uzi umeagizwa, umekwama forodhani, labda wiki ijayo. Meli ya kukodi ilikuwa inaondoka asubuhi iliyofuata. Upepo wa msimu ulikuwa umeshatulia katika njia yake, na meli isingepatikana tena kwa miezi.

Kwenye kabati palikuwa na gurudumu kubwa la uzi wa pamba, uzi wa mapazia. Alijiambia ni safari ya wiki mbili tatu tu, si mwaka. Akashona soksi sita kwa uzi ule, mstari mmoja kwenye pete, maana saa zilikuwa zinamkimbiza. Hazikutundikwa. Ndoo ya mchanga ilibaki pembeni.

Alikusudia kusema. Alifika gatini alfajiri na maneno yakiwa tayari mdomoni. Lakini Mtaalamu alimkumbatia mbele ya mabaharia, akasema kwa sauti, "Huyu ndiye mama yangu, bila yeye sina kazi!" na maneno yakarudi yalikotoka. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya kuyasema kuwe kugumu zaidi.

Miezi mitatu ikapita. Mkuu alimwagiza ashone mapazia mapya ya chumba cha ramani, kwa kuwa madiwani wangekuja Alhamisi kusikiliza matokeo. Jumatatu mchana alikuwa amesimama juu ya kiti akipima dirisha, na nyuma yake Mtaalamu alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya mkuu.

"Maboya yote kumi yalianza kuelekea kushoto, yaani kuelekea pwani," Mtaalamu alisema. "Manne yakaendelea hivyo, yakafika ufukweni siku ya sita, karibu na mabwawa ya chumvi. Lakini sita yaligeuka, yakafuata upepo sambamba na pwani, yakaipita rasi, yakaingia bahari kuu."

"Na hayo manne tunayaelezaje?" mkuu aliuliza.

"Nimeandika kwamba huenda yalinaswa na maji ya kupwa na kujaa. Lakini sina uhakika, mkuu. Nadharia inayaunga mkono manne."

"Nadharia haijawahi kupanda meli. Sita kwa manne, binti. Hata kwenye mpira hayo ni matokeo. Waambie tope litaenda bahari kuu, tulale."

Mama Soksi aligeuka juu ya kiti. Kwenye ramani ukutani palikuwa na mistari kumi ya rangi, kila mmoja na namba yake. Moja, mbili, tatu na nne zilikuwa zimenyooka hadi nchi kavu. Tano hadi kumi zilikwenda nazo sambamba, kisha zikavunjika, kila moja ikageukia upande wa upepo na kuanza kukimbia. Namba hizo alizishona yeye mwenyewe kwenye kila soksi kwa uzi mwekundu, akifuata zilivyotangulia kumalizika. Tano hadi kumi zilikuwa za uzi wa pamba.

Aliona na jambo jingine. Namba saba iligeuka siku ya pili. Namba tano siku ya nne. Namba kumi katikati yao, mahali pengine kabisa. Kama ni mkondo wa maji uliozigeuza, zingegeukia mahali pamoja. Hizi ziligeuka kila moja kwa siku yake na mahali pake, kama mishono inavyoachia.

Futi ya kupimia ilimponyoka. Mtaalamu akaiokota, akamrudishia, akasema, "Shuka mama, utaanguka."

Nyumbani mume wake alikuwa barazani akiosha miguu. Kwa miaka thelathini alikuwa msimamizi wa pampu katika kiwanda cha chumvi, akivuta maji ya bahari na kuyaingiza mabwawani. Hata baada ya kustaafu bado alikwenda kila asubuhi kuwakosoa waliorithi kazi yake.

"Umekunja uso kama turubai la zamani," alimwambia. "Nani kakuudhi?"

Alimweleza yote, tangu uzi hadi ramani. Mume aliendelea kuosha mguu mmoja uleule muda mrefu.

"Na ukinyamaza?"

"Tope litamwagwa. Litakuja kwenu. Kwenye pampu."

"Na ukisema?"

"Nimebakiza miezi minane nistaafu, baba watoto. Watanifukuza kama mwizi. Na yule binti kazi yake itaporomoka, mbele ya watu wote, kwa mkono wangu mimi."

"Chumvi ile inaliwa na nusu ya nchi," mume alisema polepole. "Mimi siwezi kukuambia nyamaza, nikanunua chumvi dukani kama mtu asiyejua. Mficha uchi hazai, mke wangu." Kisha akajaribu kutabasamu. "Wakikufukuza, utanishonea mimi soksi. Zangu zote zina matundu, tena si ya kupitisha maji."

Hakucheka, lakini alikula.

Asubuhi alimsubiri Mtaalamu mlangoni mwa ofisi yake. Hakuketi alipokaribishwa. Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe: uzi uliisha, nikatumia wa pamba, mstari mmoja, sikutundika, namba tano hadi kumi, nilijua.

Mtaalamu alimtazama kana kwamba anasikia lugha ya kigeni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu usiku wa kushona. Kwamba zimekatika nimejua jana."

"Miezi mitatu, mama! Nimekaa na mistari ile miezi mitatu, nikijiona mjinga. Nikatafuta mkondo usiokuwepo. Nimekuuliza, hapa hapa, 'soksi zilikuwa sawa?' Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu ziko sawa."

"Basi usiniite mwanangu." Akapita mlangoni bila kumgusa, akaenda kwa mkuu; Mama Soksi akamfuata.

Mkuu wa kituo hakupiga kelele. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema hawezi kuahirisha kikao cha baraza kwa sababu ya fundi cherehani aliyeota ndoto kuhusu uzi. Kama soksi zilikatika, ushahidi uko wapi? Maboya sita yako katikati ya bahari.

"Moja liko nchi kavu," Mtaalamu alisema, bado hamtazami Mama Soksi. "Namba nane. Lilirudishwa na mawimbi. Linatoa ishara kutoka mnara wa taa, ng'ambo ya rasi. Halijasogea kwa wiki tano."

"Hata likikutwa halina soksi, mtu atasema ilichanikia kwenye miamba. Mtatofautishaje?"

"Mimi nitatofautisha," Mama Soksi akasema. "Ule ni mshono wangu."

Jumatano walisafiri kwa gari la kituo saa nne nzima, na Mtaalamu alizungumza na dereva tu. Mlinzi wa mnara wa taa, mzee mnene mwenye kofia ya sufu, aliwapokea akiwa amekalia boya lenyewe, kalitandikia mto.

"Nimeikalia mali ya serikali zaidi ya mwezi," alisema akiinuka, "na haijanilalamikia hata siku moja. Mke wangu hawezi kusema hivyo."

"Ulilikuta na kamba, mzee?" Mtaalamu aliuliza.

"Kamba na pete. Nimeanikia nguo."

Pete ilikuwa ukutani nyuma ya jiko, na mashati mawili yamening'inia. Mama Soksi aliyaondoa mashati, akayakunja, akampa mwenyewe. Akaishika pete, akaigeuza kwenye mwanga. Vidole vikapita juu yake pole pole kama vya mtu asomaye kwa kugusa.

"Njoo uone," alisema. Mtaalamu alikuja, akasimama hatua moja mbali. "Kitambaa kikichanwa na jiwe huacha matambara. Pindo lingebaki kwenye pete, limeraruka. Hapa hakuna hata uzi mmoja wa kitambaa. Kimechomoka kizima kizima. Na hii hapa." Akachomoa kwa ukucha kipande cha uzi, cheusi, kilichovunjika kama majani makavu. "Pamba. Imeoza."

"Mkuu atasema iliozea huku nje, juani."

"Basi atazame ndani." Ndani ya pete, pale ambapo kitambaa kilipaswa kukumbatia, palijaa vijikonokono vyeupe vya baharini, vile ving'ang'anizi vinavyoota kwenye chuma na mbao chini ya maji, vimesongamana kama punje za muhindi. "Hivi havioti nchi kavu. Na haviwezi kuota chini ya kitambaa kilichobana. Ili viote hivi, pete hii imekaa uchi ndani ya maji wiki kadhaa. Soksi ilianguka baharini, mwa..." Akajizuia. "Ilianguka mapema."

Mtaalamu aligusa vile vijikonokono kimoja kimoja. Akatoa kamera, akapiga picha. Njiani kurudi aliipakata pete mwenyewe.

Siku iliyofuata madiwani walikuja, chumba cha ramani hakina mapazia, na badala ya matokeo waliambiwa kwamba jaribio lina kasoro na litarudiwa. Diwani mmoja aliuliza kama kituo kinapima bahari au kinafanya ushonaji. Mkuu alikuwa mwekundu wa macho. Jioni hiyo Mama Soksi alikabidhiwa barua ya onyo, na kuambiwa kwamba soksi mpya zitaagizwa kutoka nje. Funguo za chumba cha mwisho wa korido azikabidhi stoo.

Alizikabidhi. Alipewa kazi ya kupanga majalada. Alipanga vizuri, na hakuna aliyemtania tena, jambo lililomuumiza kuliko barua.

Jibu lilikuja kwamba soksi za nje zingefika baada ya miezi mitano. Msimu wa upepo ule ungekwisha baada ya wiki saba. Mtaalamu aliingia kwa mkuu, akakaa humo saa nzima, na wahudumu wakasikia sauti yake koridoni. Alipotoka alikuwa na funguo mkononi na gurudumu la nailoni kwapani. Alikwenda moja kwa moja kwenye majalada.

"Utashona wewe," alisema. "Kumi. Mimi nitakaa na kuangalia kila moja."

"Sawa."

"Sijakusamehe, mama."

"Sijakuomba bado. Lete kiti chenye mgongo, kazi ni ndefu."

Kwa siku tisa Mtaalamu alikaa pembeni ya cherehani akitazama sindano ikiingia na kutoka. Mwanzoni Mama Soksi aliona kutazamwa kule kama kupekuliwa mwili. Hakuwahi, miaka yote, kushona mbele ya mtu asiyemwamini. Siku ya tatu alianza kusema kwa sauti alichokuwa akifanya, mstari wa kwanza, mstari wa pili, fundo, na Mtaalamu akawa anaandika. Siku ya tano Mtaalamu aliinua ndoo ya mchanga mwenyewe, akaifunga. Asubuhi yake walikuta mshono mmoja umelegea upana wa ukucha. Mama Soksi angeweza kusema si kitu. Alifumua.

Maboya kumi yalitupwa baharini katika wiki ya mwisho ya upepo. Safari hii Mama Soksi hakwenda gatini. Siku ya sita, yalipofika tisa karibu na mabwawa ya chumvi, na la kumi likiwa nyuma yake saa chache tu, yeye alikuwa akimenya viazi nyumbani. Mume wake ndiye aliyeleta habari akihema: maboya yamekwama mbele ya pampu, vijana wa kiwandani wanayavuta. Tope, kama lingemwagwa pale, lingekuja vivyo hivyo. Baraza lilichagua mahali pengine, upande wa pili wa rasi.

Ilibaki ripoti, iliyochukua miezi mingine mitano kuandikwa. Mtaalamu alikuja nayo chumba cha kushonea, akaiweka juu ya meza yenye misumari, kalamu mkononi. Ripoti ingesomwa na vituo vingine, nchi nyingine, watu wanaotupa maboya yao wenyewe.

"Kuna aya ya maboya sita," alisema. "Nimeandika, 'uzi uliotumika ulioza kabla ya wakati.' Inatosha. Hakuna atakayeuliza."

Mama Soksi aliisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Uzi haukujishona," alisema. "Andika fundi wa kituo alitumia uzi usiofaa, mstari mmoja, bila kupima kwa uzito."

Mtaalamu akaandika.

"Ongeza: akijua."

Kalamu ikasimama. "Mama, hii itakaa hapo milele. Wewe unastaafu mwezi ujao."

"Wapo mafundi kama mimi huko. Meli inaondoka kesho, uzi umeisha. Wakisoma kwamba uzi ulioza, watadhani ni bahati mbaya. Andika, akijua, na hakusema kwa miezi mitatu."

Mtaalamu aliinama juu ya karatasi, akaandika maneno hayo yote, polepole, kwa mwandiko wake wa shuleni ulionyooka.